Mto Simiyu Katika Ramani za Wageni

Waliochora ramani za kwanza za nchi hii aghalabu walichora kile walichokuja kukitafuta. Na kwa sisi tunaozitazama nyanda za Nkoma, zilizokuwa katika Wilaya ya Bariadi na leo zimo Itilima, hapana ushahidi ulio dhahiri zaidi kuliko yale yaliyoufika Mto Simiyu.

Mwishoni mwa Februari 1875 Henry Morton Stanley, akitokea Ugogo, Unyaturu na Usukuma, aliwasili Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, na shauku yake kubwa ikiwa ni kuijua asili ya Nile. Basi akautukuza Simiyu kuwa ndio mkono wa Nile ulio kusini kuliko yote. Hadhi hiyo haikudumu, maana mwaka uliofuata aliuchunguza Mto Kagera, wenye maji mengi yasiyokatika.

Kisha Wadachi wakatunga ramani yao ya kipimo cha 1:300,000, chini ya Richard Kiepert, na baadaye Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa Berlin. Utungaji wake wastahili kustaajabiwa: msafiri alihesabu saa za mwendo, akatazama dira kila njia ilipopinda, akachemsha maji mlimani ili joto la mchemko limjulishe kimo cha mahali, kisha madaftari ya wasafiri wengi yakaunganishwa huko Ulaya. Kwa hiyo nchi ilijulikana kandokando ya njia, na baina ya njia mbili karatasi ilibaki nyeupe, ilhali humo watu walilima na kuchunga tangu enzi za mababu.

Kusini mwa nchi ilikuwa vingine. Kati ya 1895 na 1897 Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa madini, aliyachunguza makaa ya mawe ya pande za mito ya Songwe, Kiwira na Ruhuhu, na mito ile ikapata kuangaliwa kwa bidii ambayo Simiyu, usio na makaa, haukuijua.

Insafu ilitoka angani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za Uingereza zilipiga picha za nchi, na idara yake ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa 1946, ikazigeuza kuwa ramani za 1:50,000, ambamo kijito cha msimu nacho huonyeshwa, kwa mstari wa buluu uliokatikakatika. Karatasi hizo zingefaa kutundikwa katika shule za Itilima, wazee waitwe waeleze maji yalipita wapi zamani, na vijana wakapime yanapopita sasa.