Moshi wa Sigara na Haki ya Jirani

Katika miaka ya 1980 mashindano ya Safari Rally nchini Kenya yaliitwa kwa jina la sigara, Marlboro, na watoto walilitaja wakishangilia magari. Sebuleni kisahani cha majivu kilikuwa tayari mezani hata pale mwenye nyumba asipovuta. Kwenye basi moshi ulipozidi, aliyebanwa na kifua alifungua dirisha akanyamaza.

Heshima hiyo kwa tumbaku ni ya zamani kuliko sigara. Kwa Wakikuyu na Wakamba, ugoro ulikuwa kitu cha wazee: mzee alimgawia mwenzake kidogo kiganjani, na kijana hakuthubutu kunyoosha mkono. Sigara ya kiwandani ndiyo iliyovuruga mpangilio huo. British American Tobacco ilianza biashara Kenya mwaka 1907, na kadiri miji ilivyokua, kijana mwenye mshahara aliweza kununua alichokuwa akingojea mvi kukipata. Naamini hapo ndipo tumbaku ilipotushika hasa.

Si wote walioikubali. Maulamaa wa Oman wa Kiibadhi, madhehebu ya masultani wa Zanzibar, waliiona tumbaku kuwa haramu muda mrefu kabla ya watafiti wa Uingereza Richard Doll na Bradford Hill kuonyesha, mwaka 1950, uhusiano wake na saratani ya mapafu.

Lakini onyo la daktari lilimhusu mvutaji peke yake, naye alijibu kwamba mapafu ni yake. Jibu hilo lilikosa nguvu jirani alipoanza kudai hewa yake. Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Uganda ilikubaliana na shirika la mazingira la TEAN kwamba kuvuta sigara hadharani kunavunja haki ya wasiovuta ya kuishi na kuwa na mazingira safi. Kanuni za kuzuia uvutaji huo zikatungwa mwaka 2004. Kwangu mimi hukumu ile ina uzito kuliko mabango yote ya afya: ilimpa yule abiria wa dirishani haki ya kusema. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2007, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na wavutaji wa Nairobi wakatengewa maeneo yao.

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya wakitumia tumbaku. Kibandani sigara bado inauzwa moja moja, ingawa sheria inataka pakiti isiyopungua sigara kumi.

Sasa vimekuja vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Chapa moja ya vifuko hivyo, Lyft, iliingia Kenya mwaka 2019, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akapinga usajili wake. Kifuko hakitoi moshi wala hakiachi harufu kwenye nguo. Jirani hana cha kulalamikia, na mzazi anaweza kula meza moja na mwanawe asijue kilichomo kinywani mwake.