Wabunge wa Georgia na Reli ya Atlanta

Anayetaka kujua kwa nini treni za Atlanta, Marekani, zinaishia pale zinapoishia, asome kwanza sheria zilizopitishwa na Bunge la Jimbo la Georgia. Mwaka 1965 bunge hilo liliidhinisha MARTA, mamlaka ya usafiri wa umma iliyokusudiwa kuhudumia kaunti tano: Fulton, DeKalb, Clayton, Gwinnett na Cobb. Kila kaunti iliachiwa iamue kwa kura. Cobb ilijitoa mwaka huohuo. Mwaka 1971, ilipofika zamu ya kupigia kura kodi ya mauzo ya asilimia moja, Clayton na Gwinnett nazo zikakataa, na hofu ya wazungu wa vitongojini kuhusu wakazi weusi wa jiji ilichangia sana. Mradi wa kaunti tano ukabakiwa na mbili.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama uamuzi wa wapigakura, lakini bunge lilikuwa na mkono mzito ndani yake. Lester Maddox, naibu gavana aliyeongoza Seneti ya jimbo, alishinikiza sharti kwamba MARTA isitumie zaidi ya nusu ya kodi hiyo kuendeshea huduma. Katiba ya jimbo nayo ilikuwa imeshafungia kodi ya mafuta kwenye barabara na madaraja. Nauli ya basi iliyoshushwa mwaka 1972 kutoka senti 40 hadi 15, kama wapigakura walivyoahidiwa, haikudumu, na sharti la nusu kwa nusu liliendelea kuibana MARTA hadi lilipoondolewa mwaka 2015. Katika miaka hiyo yote bunge lilikuwa na kamati ya kuikagua mamlaka ambayo jimbo halikuichangia fungu la kudumu la uendeshaji. Kwa hiyo wabunge walikuwa ndani ya mipango ya usafiri tangu siku ya kwanza. Walichokosa ni kuwajibika kwa matokeo yake.

Wapo wanaosema mipango iachwe kwa wataalamu na viongozi wa miji, kwa sababu mbunge wa kijijini hajui adha ya foleni za jijini na atavutia fedha kwao. Hofu hiyo ina msingi, ila inasahau nani ana kalamu ya sheria. Tarehe 31 Machi 2010 kaunti ya Clayton ilisimamisha mabasi yake kwa kukosa fedha, ilhali kituo cha treni cha uwanja wa ndege, kilichofunguliwa mwaka 1988, kimo ndani ya kaunti hiyohiyo. Wasio na magari walikuwa na treni karibu na hawakuwa na basi la kuwafikisha. Utaalamu haukutosha kuwarudishia usafiri. Ilibidi bunge lipitishe sheria mwaka 2014 kuiruhusu kaunti itoze kodi ya kujiunga na MARTA. Novemba mwaka huo karibu robo tatu ya wapigakura waliikubali, na Machi 2015 mabasi yakarudi.

Pingamizi lingine ni zito zaidi. Mwaka 2018 bunge liliunda mamlaka ya kuratibu usafiri wa umma katika kaunti 13, na wabunge, mameya na wakuu wa kaunti wakapewa sauti katika kuchagua wajumbe wa bodi yake. Mwaka uliofuata Gwinnett iliikataa MARTA tena kwa kura. Ni kweli, kumpa mbunge nafasi mezani hakuleti ushindi wa kura, wala kutoaminiana kwa zaidi ya nusu karne hakuishi kwa mwaka mmoja. Lakini anayeshiriki kupanga hana pa kujificha mpango unapokwama, na mwananchi anajua wa kumuuliza. Georgia ilichelewa kulitambua hilo, na waliolipia ucheleweshaji huo ni abiria. Miji mingine isingoje gharama hiyo: mbunge aitwe siku ramani inapochorwa, kabla ya siku ya kuombwa fedha.