Kalamu ya Utete, Herufi za Risasi na Landi za Muthurwa

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia mno fani na maudhui, ukaacha kando suala la kitabu chenyewe kama kitu: kilitengenezwa na nani, kwa vifaa gani, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukizuia. Makala hii inashikilia kwamba historia ya vifaa hivyo ni sehemu ya historia ya uhuru wa kusema. Muthurwa, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ni mahali pafaapo kuitazamia.

Katika mwambao, kitabu kilikuwa kazi ya mkono. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Huko Siyu, katika kisiwa hichohicho, mafundi walinakili misahafu kwa kalamu ya utete na wino mweusi na mwekundu, juu ya karatasi zilizotoka ng'ambo, nyingine Italia. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na ya gharama. Hata hivyo, ilikuwa na nguvu yake: kila mnakili alikuwa kiwanda kamili. Hapakuwa na mtambo mmoja ambao mtawala angeufunga, shairi likafa. Tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zilidumu kwa kumbukumbu za watu na kwa miswada ya Mwalimu Sikujua, hata zikachapishwa na Hichens huko Johannesburg mwaka 1940.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji uliozuka kando yake ulikuwa mji wa chapa. Matbaa iliweza kutoa kwa siku moja nakala ambazo mnakili asingezimaliza kwa mwaka. Lakini pia ilimpa mtawala pa kushika. Harry Thuku alijifunza kupanga herufi za risasi katika gazeti la walowezi, The Leader. Alipoanza harakati zake mwaka 1921, alisaidiwa na M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle. Machi 1922 Thuku alikamatwa, umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi, na mwaka huohuo gazeti la Desai likanyamaza.

Uhusiano wa reli na chapa unadhihirika zaidi kwa Makhan Singh. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi wa reli kabla ya kuanzisha matbaa yake Nairobi. Mwana alifanya kazi humo, na kuanzia mwaka 1935 akaongoza chama cha wafanyakazi kilichotoa vikaratasi vya matangazo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Kikaratasi kina desturi za utenzi: mmoja akisoma, wengi husikiliza, kikipita mkono kwa mkono, kinanakiliwa vichwani. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, jirani ya Muthurwa, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, asiachiliwe hadi 1961. Historia yake ya vyama vya wafanyakazi ilichapishwa na East African Publishing House mwaka 1969.

Kitabu hicho kilijalidiwa, kikapata rafu maktabani. Vikaratasi vilivyokitangulia havikujalidiwa. Makazi yao yalikuwa mifuko ya makoti na masanduku ya vyumba vya landi. Hivyo basi, wakaazi wa Muthurwa walipokwenda mahakamani mwaka 2010 kupinga kuhamishwa, palikuwa na hasara nyingine isiyotajwa katika mashtaka: nyumba ikibomolewa, sanduku nalo hutupwa. Mhakiki anayehesabu vitabu vilivyojalidiwa pekee atamsikia mwandishi na mchapishaji. Mfanyakazi aliyesomewa kikaratasi taani, akakariri na kukipitisha, hatasikika. Naye ndiye aliyerithi kazi ya mnakili wa Siyu.