Lamu: mji wa miguu na maji

Gari halimfikishi mgeni katika mji wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Ndege hutua kisiwani Manda, na mabasi yatokayo Mombasa huishia Mokowe, upande wa bara. Kutoka kote huko huvukwa kwa boti. Nauli na ipatanwe kabla ya kupanda.

Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Mgeni asikiapo kwato nyuma yake, hana budi kujibanza ukutani. Akipotea vichochoroni, na aufuate mteremko, utamfikisha baharini.

Shela, penye ufukwe wa kuogelea, iko umbali wa kilomita 3 hivi. Maji yakipwa, huendewa kwa miguu kandokando ya bahari. Yakijaa, sehemu za njia hufunikwa, ikabidi kukodi boti. Basi kabla ya kutazama saa, na aulizie maji.

Vichochoro hivyo hupita mbele ya baraza za watu. Mavazi ya staha na salamu ndiyo ruhusa ya kupita. Na wembamba wake si kasoro: kila gurudumu liingiapo, mzee na mtoto hupokonywa njia yao.