Mnywa Sere Yupi?

Itetemia, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, imo katika nchi ya Unyanyembe, na historia yake haisomeki bila watemi wa huko. Mmoja wao ni Mnywa Sere. Alishika utemi baada ya Fundikira, akataka Waarabu wa Tabora walipe ushuru wa bidhaa zao. Wakampindua, wakamweka Mkasiwa. Alipigana nao miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1865.

Nilimhitaji kwa insha ya semina juu ya maisha ya Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika ukoo huo wa watemi. Kwa uvivu (niseme kweli) sikwenda maktaba, nikaiuliza programu ya akili mnemba. Ikajibu kwa Kiswahili safi, bila kusita: eti Mnywa Sere baada ya kupinduliwa alijiunga na Stanley, akamwongozea msafara hadi Kongo. Tena ikataja kitabu, mwandishi na ukurasa! Nikanukuu. Nilikuja kushtuka wakati wa kupanga miaka. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Mtu aliyeuawa 1865 anaongozaje msafara? Nikakitafuta kile kitabu. Kumbe hakipo.

Hebu tulihakiki kosa hili kama tunavyohakiki matini nyingine. Mkuu wa wapagazi wa Stanley aliitwa Manwa Sera kweli, na ndiye aliyewaongoza watu waliopelekwa kwa Livingstone mwaka 1872. Jina moja, watu wawili. Wazungu waliandika majina yetu kadiri masikio yao yalivyowapa: hata Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekufa akipigana na Wajerumani mwaka 1893, kwao ni Siki. Programu haitafuti shahidi. Inaunganisha maneno ambayo katika maandishi iliyolishwa yamezoea kufuatana, na maandishi juu ya Tabora yamejaa Stanley kuliko watemi. Basi mtemi akavutwa huko, akafanywa mtumishi wa msafiri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tippu Tip naye si wa kuaminiwa kila neno. Aliandika uzeeni, Unguja, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, na yapo aliyojisifia na yapo aliyoyapita kimya. Lakini twajua ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwamba mali yake ilitokana na pembe na watumwa. Twaweza kumbana. Programu utaibana wapi? Nilipoiambia imekosea iliomba radhi haraka, ikanipa kitabu kingine, nacho hakipo. Si wanafunzi tu wanaonaswa: mwaka 2023 huko New York mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Bado ninaitumia, ila kwa kazi ndogo. Huiuliza jina la mtu fulani huenda liliandikwa kwa tahajia zipi, kisha nakwenda kuzitafuta zote katika faharasa za vitabu vyenyewe. Kila jina naliwekea mwaka wa kufa pembeni. Ukurasa ambao sijaufungua kwa mkono wangu siunukuu.

Insha niliichelewesha siku nne, nikakatwa alama. Mnywa Sere alibaki na sentensi mbili tu, maana ndizo nilizoweza kuzithibitisha.