Kupandisha Kondoo Nje ya Majira: Historia ya Homoni na Sifongo

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kondoo jike wa mifugo mingi hupandwa wakati wa vuli, mchana unapozidi kufupika, hubeba mimba kwa takriban miezi 5 na kuzaa nyasi mpya zinapochipua, na katika miezi inayobaki ovari zake hutulia wala hamkubali dume. Kondoo wa asili wa ukanda wa ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, huweza kuzaa wakati wowote wa mwaka; lakini wafugaji wa nchi za baridi walifungwa na majira hayo kwa karne nyingi. Mwaka 1949 N. T. M. Yeates wa Cambridge alithibitisha kwamba mwanga ndio unaotawala, kwani kondoo aliowageuzia mpangilio wa mwanga na giza walihamisha majira yao.

Ilionekana basi kwamba kuziamsha ovari kungetosha. Tangu mwaka 1930, Cole na Hart wa California walikuwa wamegundua kwamba damu ya farasi jike mwenye mimba ina homoni inayochochea ovari kwa nguvu. Hata hivyo, kondoo waliodungwa homoni hiyo peke yake nje ya majira walipevusha mayai bila kuingia kwenye joto, yaani bila kumtaka dume, na mayai hayo yakapotea bure. Aliyefumbua fumbo hilo ni T. J. Robinson, aliyefanya utafiti Cambridge na baadaye Chuo Kikuu cha Sydney, naye alionyesha kwamba jambo kubwa ni utaratibu: kwanza projesteroni, homoni ileile inayotuliza ovari na kutunza mimba, kisha kichocheo. Ubongo usiotangulia kupata projesteroni hauitikii ipasavyo homoni za joto, na huo ndio ugunduzi wenye uzito kuliko vifaa vyote vilivyofuata.

Ila projesteroni ilihitaji kudungwa mara kwa mara kwa takriban wiki 2, kazi isiyowezekana kwa mwenye kundi la mamia. Katikati ya miaka ya 1960 Robinson alileta kipande cha sifongo kilicholoweshwa homoni ya kutengenezwa, kinachosukumwa ukeni kwa bomba na kuachwa siku 12 hadi 14, uzi wake ukining'inia nje. Uzi ukivutwa, sifongo hutoka na majimaji yenye harufu mbaya, kondoo hudungwa kichocheo, na joto huja baada ya siku 2 hivi. Mwanzoni mimba zilikuwa chache, kwa sababu mbegu za dume zilishindwa kupita vizuri kwenye shingo ya uzazi, kasoro iliyochunguzwa na Robinson na wenzake wa Sydney.

Ufaransa ndiko njia hiyo ilikoota mizizi, hasa kwa kondoo wa Lacaune ambao maziwa yao hutengenezwa jibini la Roquefort, kwa kuwa kundi zima huweza kuhimilishwa, yaani kupandikizwa mbegu kwa mkono wa mtaalamu, takriban saa 55 baada ya sifongo kutolewa, bila kungoja dalili za joto. Kichocheo chenyewe kimeendelea kupatikana kwenye damu ya farasi wenye mimba, wakiwemo wa Iceland na Amerika ya Kusini, na ukamuaji huo wa damu unapingwa vikali, kwa haki, na watetezi wa wanyama.