Sisso Studios

Sisso Studios ni studio ya muziki wa singeli iliyopo Mburahati, Dar es Salaam. Inaongozwa na DJ na mtayarishaji Sisso, na imewalea watayarishaji kama Bamba Pana na Jay Mitta.

Singeli ilizaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na mitaa jirani, kwenye sherehe za mkesha ziitwazo vigodoro. Ma-DJ wake hawakupitia chuo cha muziki. Walichukua kipande cha muziki wa taarabu au mchiriku, wakakikata, wakakirudiarudia na kukiongezea kasi, mara nyingi kwa kompyuta ya kawaida, huku MC akighani juu yake bila kupumua. Mapigo hufika 200 kwa dakika, mengine yakikaribia 300. Kasi hiyo ndiyo ufundi wenyewe: anayesikiliza kwa makini atagundua mdundo wa ngoma za Pwani ukiwa mzima ndani yake, na ni dhuluma kuuita kelele, kama wengi walivyofanya mwanzoni.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko Sounds of Sisso, uliowafikisha vijana wa Mburahati kwa wapenzi wa muziki wa elektroniki Ulaya. Zikafuata albamu Poaa ya Bamba Pana (2018), Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Mateso ya Sisso mwenyewe (zote 2019). Mwaka 2024 Sisso na mpiga kinanda Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu.